Mama, karanga na maini ya panya
Mwaka 2016, sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi) ilipoua watu huku kwetu Dodoma na Manyara, mama alinipigia simu kutoka Kongwa: "Mwanangu, si wewe unayesomea maini?" Nikakosa la kusema. Ni kweli nilisomea maini, ila ya panya.

Kazi yangu ni seli za Kupffer, walinzi wanaokaa ndani ya ini na kumeza uchafu unaoletwa na damu kutoka utumboni. Kinachonishangaza hadi leo ni hiki: kirusi cha homa ya ini B chenyewe kwa kawaida hakiui seli za ini. Kinga yetu ndiyo inayozishambulia ikikiwinda, na vita visipoisha, ini linajaa makovu. Sumukuvu ikiongezeka hapo, hatari ya saratani inapanda sana.

Mengineyo ni pipeti na friji tu. (Usiku mmoja umeme ulikatika, sampuli za miezi 8 zikayeyuka. Nililia chooni.)

Jumamosi nilimkuta mama na ungo wake, anachambua karanga. Zilizosinyaa na zenye ukungu wa kijani anatenga.

"Hizo si uwape kuku?" jirani akauliza.

"Kwani kuku hana ini?" Akazimwaga shimoni.