Tiba ya Kichina nikiitazama kutoka Guangzhou

Hapa Guangzhou hutembei mbali kabla hujakuta duka la liangcha, chai chungu ya majani na mizizi inayouzwa kwa kikombe. Watu huikimbilia koo likiwawasha, wakitoka chunusi au wakizidisha vya kukaanga. Wanasema mwili umeshika moto, na moto unashushwa kwa vitu vya baridi. Bibi aliyekulia Unguja au Lamu angeelewa mara moja, maana na waganga wa pwani hugawa vyakula na maradhi kwa joto na baridi.

Ukishaelewa hilo, mengine yanafuata. Yin ni ubaridi, kivuli, utulivu. Yang ni joto, mwanga, mwendo. Upande mmoja ukizidi, mtu anaugua. Nguvu ya uhai, qi, hupita mwilini kwenye njia kuu 12, na kila kiungo kina asili yake: ini ni mti, moyo ni moto, figo ni maji. Misingi hii imo tangu Huangdi Neijing, maandiko ya miaka 2,000 hivi iliyopita.

Nilipopeleka bega langu linaloniuma, daktari, mama wa makamo, hakuligusa kwanza. Aliweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akaniambia nitoe ulimi atazame rangi na utando wake. Akauliza nalalaje, miguu inapata baridi, choo kikoje. Ndipo akatoa sindano nyembamba kama unywele. Ile aliyochoma kati ya kidole gumba na cha shahada haikuuma kama ya hospitali. Ilileta uzito na ganzi iliyopanda mkononi. Hisia hiyo ndiyo wanayoitafuta. Bega lililegea. (Dada zangu wenye mimba, semeni mapema: sehemu hiyo kwa desturi mjamzito hachomwi.)

Je, inatibu? Kwa maumivu ya mgongo, shingo na kichwa, utafiti unaonyesha wapo wanaopata nafuu. Lakini hata sindano za kuigiza, zilizochomwa pasipo mahali pake, mara nyingi huleta nafuu inayokaribiana nayo, na hakuna aliyepasua mwili akazikuta njia za qi. Kwa hiyo mwenye sukari, presha au saratani asiache dawa zake za hospitali, nawasihi. Na mnaoagiza vifurushi vya mitishamba msivyojua ndani mna nini, jihadharini: mimea ya aristolokia, iliyotumika humo miaka mingi, imethibitika kuharibu figo na kuleta saratani.

Ninachowaheshimu Wachina ni kwamba waliandika, kisha wakapima. Karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi ya qinghao, mmea wa jamaa ya pakanga, auloweke majini, aukamue, anywe. Mwanasayansi Tu Youyou alikuwa akihangaikia dawa ya malaria, na dondoo alizotoa kwenye mmea huo zilikuwa zikimwangusha. Aliposoma maneno hayo akaona hayataji kuchemsha, akahisi kwamba joto ndilo linaloua dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na vimelea vikafa kwa panya, kisha kwa kima. Hiyo ndiyo artemisinini iliyompa Tuzo ya Nobel 2015, na dawa zitokanazo nayo ndizo zilizo ndani ya dawa ya mseto ya malaria tunayopewa zahanati.

Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili. Kwetu Tanga bado wapo wazee wanaoyajua majani ya homa, kwa jina na kwa msimu wa kuyachuma. Natamani vijana wakae nao na daftari sasa hivi, wakiwa hai, kisha majani hayo yapelekwe maabara.