Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa safari za mabasi

Saa 10:30 alfajiri. Yadi wanapiga simu: gari moja limegoma, breki hazishiki upepo. Njia yake inazunguka kwa dakika 90, kwenda na kurudi pamoja na mapumziko ya dereva, na basi hupita kila baada ya dakika 15. Hesabu yake ni magari 6, na sasa yamebaki 5. Njia isiyokutana na treni tungeitawanya tu, gari moja kila dakika 18. Hii inaishia kituo cha treni, na treni hufika kila nusu saa, kwa hiyo dakika 18 zingevuruga miunganiko yote. Tunaacha ratiba ilivyo na kumtoa njiani dereva ambaye safari zake haziangukii treni, gari lake tunampa mwenzake aliyekwama. Kwa kuwa 90 inagawanyika kwa 30, pengo litabaki kwenye safari hizohizo zisizokutana na treni siku nzima.

Saa 12:45 asubuhi. Mabasi yanaanza kushikana. Lililochelewa linakuta watu wengi kituoni, linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta kituo kitupu, linalifikia. Kumwambia dereva akanyage mafuta ni hatari na hakusaidii, maana muda unapotelea mlangoni. Kila anayelipa taslimu akichukua sekunde 5, watu 24 wamekula dakika 2. Dawa ya hapohapo ni kulizuia la nyuma dakika moja au mbili kwenye kituo chenye nafasi ya kuegesha. Abiria waliomo wananuna, hasa wasipoambiwa sababu, kwa hiyo dereva anaagizwa awatangazie. Dawa ya kudumu ni tiketi kukatwa kabla ya kupanda na milango yote kufunguliwa.

Saa 2:10. Treni imechelewa dakika 4. Basi la kila dakika 10 halisubiri, jingine liko njiani. La kila nusu saa linasubiri, mwisho dakika 5, kwa sharti kwamba mapumziko ya mwisho wa njia yanatosha kuzifidia. Zikizidi hapo, tunawaadhibu wanaongoja vituo vya mbele.

Ramani za ofisini huonyesha treni na basi "pamoja". Ukishuka mwenyewe unakuta ngazi, uzio, kisha taa ya waenda kwa miguu inayokuweka dakika nzima ukilitazama basi lako likiondoka. Muda wa kubadilisha chombo upimwe kwa mwendo wa mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi.

Saa 4. Kazi ya mezani. Ratiba nzuri hukaririka: dakika zilezile kila saa. Uswisi iliufanya utaratibu huo kuwa wa nchi nzima mwaka 1982. Nauli nayo iwe ya safari, si ya kupanda. Hamburg, Ujerumani, iliunganisha nauli za kampuni mbalimbali tangu miaka ya 1960. Kumtoza mtu upya kwa sababu amebadilisha basi ni kumpiga faini. Mwenye gari lake hatozwi akikata kona.

Saa 6. Kikao cha barabara. Foleni ikiongeza dakika 15, mzunguko unakuwa 105, na njia ileile inadai magari 7. Hilo la saba, na madereva wake, halimpi abiria safari hata moja ya ziada. Ndiyo hoja yangu ya njia maalumu ya mabasi, na huwa naanzia makutano yenye foleni, hata kama ni mita 200 tu. Kuipaka rangi barabara isiyo na foleni ni kutafuta kupigwa picha tu.

Saa 7:30 mchana. Makabidhiano. Sehemu ndefu kuliko zote huwa basi la mwisho. Hilo lina sheria yake: linasubiri treni ya mwisho hata ikichelewa dakika 20, kwa sababu nyuma yake hakuna jingine, na anayeogopa kukwama usiku huondoka na gari lake tangu asubuhi. Dereva wa zamu hiyo apangiwe saa zenye nafasi, asije akafikia kikomo chake cha kisheria akiwa kituoni na abiria ndani. Namba ya simu ya msimamizi wa treni inaandikwa juu kabisa ya karatasi.