Koti la haradali katika kipupwe cha Lubumbashi

Lubumbashi, Jumapili jioni, wiki ya kwanza ya Julai

Leo alfajiri nimefungua mlango wa uani, nikatia mkono kwenye ndoo iliyolala nje, na maji yakaniuma vidole kama yametoka kwenye friji. Moshi wa makala, yaani makaa, wa jirani ulikuwa umetanda chini, usawa wa magoti, haupandi. Jua lilikwisha kutoka lakini lilikuwa bado halijapasha kitu. Nikajitanda bulangeti mabegani, nikautazama ua wetu: udongo mwekundu, ukuta uliopauka, mwembe uliofunikwa vumbi mpaka majani yake yakawa na rangi ya udongo. Ndipo macho yakaangukia koti langu, nililolitundika kwenye msumari wa baraza tangu jana lipigwe na hewa. Rangi ya haradali, ya manjano iliyokolea. Nilisimama nikaliangalia kitambo, na kifua changu kikalegea kabla sijalivaa.

Ndugu zangu wa pwani huniuliza kila mara: kwani Kongo nako kuna baridi? Ipo. Lubumbashi iko kusini ya ikweta, juu ya uwanda ulioinuka mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mvua hukatika mwezi wa nne, na ikifika Juni mbingu hazina hata wingu moja. Wingu lingetusaidia. Lisipokuwepo, joto lote la mchana hupaa usiku kucha na ardhi inabaki tupu, kiasi kwamba asubuhi kipimajoto kinaonyesha chini ya nyuzi 10. Saa nane mchana kimefika 25 hivi, umevua kila kitu. Saa kumi na mbili jioni unakivaa tena.

Na nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya miezi hii. Bati juu, sementi chini, madirisha ya chuma yasiyofunga sawasawa. Tunajikunyata kuzunguka mbabula, jiko letu la makaa, na hapa niseme jambo moja kwa moyo wangu wote kabla sijaendelea: mbabula ibaki nje wakati wa kulala. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, na hewa hiyo inaua watu wakiwa usingizini. Ota moto uani, kisha ingia ulale na bulangeti mbili.

Miaka mingi kipupwe nimekipitisha kama mtu anayesubiri basi. Nilikuwa na jaketi nyeusi, triko, yaani sweta, ya kijivu, fulari nyeusi ya shingoni. Nikitoka asubuhi kwenda kazini nilikuwa nawaona wenzangu barabarani nao vivyo hivyo, weusi na kijivu, vichwa chini, mikono kwapani, kama msafara unaotoka matangani. Sisi ambao mwezi wa kumi na mbili tunavaa vitenge vya kila rangi! Baridi ikija tunazificha rangi zote sandukuni, tunaziacha hadi mvua irudi. Sijui tulikubaliana lini kwamba baridi ivaliwe hivyo.

Koti nililipata Soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mwishoni mwa Mei, siku mama mmoja alipofungua balo jipya la mitumba. Mitumba inatufikia huku kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako wenzetu wanaiita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchakura rundo na kuchagua. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya, wanawake kama kumi tumeinama, mikono imezama hadi kwenye viwiko. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ukosi, kipande cha manjano katikati ya majaketi ya nailoni. Nikavuta. Likaja zito, kama mtoto aliyelala.

“Jambo, mama. Hii ni ngapi?”

“Jambo sana, mwana wangu. Shika kwanza. Hii ni ya zamani, hii.”

Akaligeuza ndani nje, akatafuta mahali penye mshono, akachomoa uzi mmoja usiofika urefu wa kidole. Akawasha kiberiti. Uzi haukuyeyuka. Ulijikunja, ukazima wenyewe, na harufu ya nywele zilizoungua ikatupanda puani sote wawili. Akalisugua lile jivu kati ya vidole, likawa unga mweusi. “Umeona? Sufi ya kweli, ya kondoo. Ile ingine inafanya shanga.” Ni kweli: akriliki ukiichoma inayeyuka na kuacha kidonge kigumu kama plastiki. Nilimlipa alichotaka bila kubishana sana, kwa sababu somo lile peke yake lilikuwa na thamani yake.

Nyumbani nililitandaza kitandani nikalikagua nusu saa nzima. Lebo imefifia, hakuna neno linalosomeka. Kwa mkato wa ukosi na urefu wake nadhani ni la miaka ya 1960 au mwanzo wa 1970. Vifungo vinne vikubwa, kila kimoja kimevikwa kitambaa kilekile cha koti. Matundu ya vifungo hayakuzungushiwa uzi wa mashine; yamekatwa na kutiwa midomo miwili midogo ya kitambaa, iliyokutana katikati kama kope za jicho lililofumbwa. Upindo umeshonwa kwa mkono, na ndani yake fundi aliacha sentimita sita za kitambaa, ili mwenye koti akitaka kulishusha aweze. Mtu yule hakunijua wala hakuijua Lubumbashi, lakini aliwaza kwamba koti hili litaishi muda mrefu kiasi cha kuhitaji kubadilishwa. Hilo ndilo ninalolipenda katika nguo za zamani kuliko mtindo wenyewe. Zilishonwa na watu waliotazamia kesho.

Bitana tu ndiyo ilikuwa imekwisha, imechanika kwapani na mgongoni.

Tantini yangu wa mtaa wa Kamalondo, mdogo wake mama, nilipomweleza aliingia chumbani akatoka na kikwembe, kitenge cha kwetu, kilichokunjwa mara nne. Waksi wa miaka ya 1980, kijani kama malakiti, lile jiwe la shaba, na ndege wa rangi ya damu ya mzee. Ukikisogeza karibu na macho unaona mishipa myembamba imepita kila mahali, kama nyufa za sahani ya udongo. Mishipa ile ilitoka kiwandani: nta iliyozuia rangi hupasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa, na hakuna mita mbili zinazofanana. Waholanzi walianza kwa kuiga batiki za Java, lakini vitambaa vikaja kupata wenyewe Afrika, na mama zetu wakavipa majina na kuviweka akiba kama dhahabu. “Nilikivaa kwenye ndoa ya mama yako mkubwa,” tantini akasema. “Kimechoka magotini. Mgongoni bado kizima.”

Mshonaji wangu yuko mtaa wa Katuba, ana cherehani ya kukanyaga na subira nyingi. Alifumua bitana ya zamani polepole, akaipiga pasi, akaitumia kuwa kipimo cha kukatia ile mpya. Katikati ya mgongo akaacha kunjo moja tangu juu hadi chini. Nilipomwuliza akaniambia ninyooshe mikono mbele. “Ukiinama kubeba mtoto, bitana inafunguka hapa. Bila hiyo, inapasuka.” Mikononi alikataa kabisa kuweka kikwembe. Pamba hushikana na triko, alisema, utakuwa unapigana na mkono wa koti kila asubuhi. Akaweka satini ya damu ya mzee aliyoipata kwenye gauni moja kuukuu, na leo mkono unateleza ndani kama maji.

Kwa hiyo nje haradali, ndani malakiti na ndege. Ndani hakuna anayeona mpaka nifungue vifungo. Wasapeur wa Brazzaville, wale mabwana wa kuvaa kifahari, wana kanuni yao kwamba vazi lisizidi rangi tatu, nami nimehesabu: haradali, kijani, damu ya mzee. Basi. Fulari na soksi vinabaki ndani ya hizohizo tatu.

Tangu nianze kulivaa nimekuwa naona rangi za mji ambazo kipupwe kilizificha machoni mwangu. Karibu na kazini kuna ua wenye yule mmea ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu kama kitambaa. Ulaya wanauuza vyunguni wakati wa Noeli, kwetu huwaka Juni na Julai kwa sababu usiku wetu mrefu ndio huu. Kuna ule mti unaodondosha majani yote halafu unatoa maua mekundu kwenye matawi makavu. Kuna vipande vya malakiti kwa wachongaji, kijani juu ya kijani, duara ndani ya duara. Kijani kile ni shaba yenyewe iliyokutana na maji na hewa ndani ya ardhi. Mji wetu unaishi kwa jiwe la rangi ile, na sisi tunavaa kijivu.

Siku nyingine nimekaa na picha za michoro ya Mwenze Kibwanga, mmoja wa wale vijana waliochora kwenye Hangar, karakana iliyofunguliwa hapa mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville. Alikuwa akijaza uso wote wa mchoro kwa mistari mifupi mifupi, mmoja kando ya mwingine, ikielekea huku na kule. Hana rangi nyingi, za udongo zaidi. Nikageuka nikatazama triko iliyokuwa mapajani mwangu, mishono inayolala kulia na kushoto, nikaona ni kazi moja. Rangi chache, zilizowekwa kwa uangalifu, kitone baada ya kitone, hadi kitu kinapata joto.

Nina picha ya wazazi wangu iliyopigwa studio Kamalondo, katikati ya miaka ya 1970. Picha yenyewe imegeuka kuwa nyekundunyekundu, kama zinavyofanya picha za rangi za wakati ule zikizeeka. Baba amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi za Rais Mobutu, imefungwa hadi shingoni. Tai ilikuwa marufuku, na hakuifunga tena hadi Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi na kuzirudisha tai katika hotuba hiyohiyo. Lakini jicho haliendi kwa baba. Linakwenda kwa mama, aliyesimama kando yake na triko ya rangi ya chungwa juu ya kikwembe, mikono imekunjwa mbele, kidevu juu. Ni mwezi wa saba pia. Nyuma ya picha imeandikwa. Mama yangu kwenye baridi hiihii alivaa chungwa. Triko ile aliifuma kambo, yaani bibi yangu, mama yake mama, ambaye kufuma alijifunza kwenye “foaye sosiali”, kituo cha mafunzo ya akina mama, ya kambi la wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, pamoja na wake wengine wa wachimbaji, sindano mbili na kitita cha sufi. Triko ya chungwa haipo tena, iliishia kwa mabinamu, haijulikani.

Jumanne iliyopita, saa moja asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha taksi-basi. Ubaridi wa kweli, kila mtu anatoa moshi mdomoni. Mzee mmoja mlinzi, aliyekuwa anamaliza zamu yake ya usiku na kofia imefika kwenye nyusi, akavuka barabara kuja upande wangu. “Mama, jambo. Aksanti.” Nikamwuliza aksanti ya nini, baba. Akaonyesha koti kwa kidevu. “Usiku muzima niko naangalia ukuta.” Akainamisha kichwa, akaendelea na njia yake. Nimelifikiria neno lake wiki nzima. Sikuwa nimempa chochote. Nilikuwa nimesimama tu.

Jaketi nyeusi nimempa kijana wa jirani anayesafiri na pikipiki. Koti nalitunza hivi: vumbi jekundu nalingoja likauke kabisa kisha nalitoa kwa brashi, kuelekea chini, kwa sababu ukiligusa na maji linaingia ndani na kuwa doa. Silifui ovyo. Nalitundika kivulini, kamwe si juani, jua la Julai halina joto lakini linakula rangi.

Na leo mchana, baada ya misa, nimelipeleka Kamalondo ili tantini aone kikwembe chake kilivyofika. Alikuwa barazani, kwenye kipande cha jua, anachambua lengalenga. Nilifungua vifungo vinne, nikalipanua mbele yake. Hakusema kitu. Alipangusa mikono kwenye gauni, akaingiza vidole kwenye lile kunjo la mgongoni, akamtafuta ndege mmoja mmoja. Halafu akasema, “Lete nijaribu.”

Lilimkaa. Mabegani, mikononi, kila mahali, kana kwamba yule fundi wa zamani alimpima yeye. Akaenda mpaka kwenye geti akarudi. Akapika bukari, ugali wetu, nalo, mikono imekunjwa mara mbili, tukala nalo, majirani wakaja kumwangalia nalo. Saa kumi na moja jua lilipoanza kuondoka barazani nikaona hataki kulivua, nami sikutaka alivue. Akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akaniletea triko ya damu ya mzee yenye harufu ya kafuri, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka cha rangi isiyofanana sana.

“Ya kambo yako,” akasema. “Vaa, usije ukapata mafua njiani.”

Ninaandika nikiwa nimeivaa. Mishono ya mkono wa kushoto imebana zaidi kuliko ya kulia. Nadhani alianza na ule wa kushoto.