Siku tuliyofuata bia hai vijijini Berkshire

Jumamosi tulitoka watu nane wa pale kazini Reading, Uingereza, tukapanda treni mpaka stesheni ya Goring & Streatley, sio mbali, tukavuka daraja la mto Thames alafu tukaanza kupandisha vilima kwa miguu kuelekea Aldworth. Lengo lilikua moja tu, kupita baa za vijijini tunywe eli ya pipa, ile bia ambayo Waingereza wameipigania isife, na aliyetuongoza ni mzee mmoja mstaafu wa ofisini kwetu ambaye ni mwanachama wa CAMRA, chama cha kutetea hii eli, miaka mingi.

Mimi ni mtoto wa Marangu, nimekulia kwenye mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, kwahiyo kichwani mwangu bia ni ya chupa inatoka kwenye friji, pombe ndo iko kilabuni. Kumbe na hawa wana pombe yao ya kilabuni! Hii eli inaingia kwenye pipa hamira ikiwa bado hai, inaendelea kuchachuka humohumo ndani, ikifika baa inalazwa chumba cha chini chenye ubaridi wa kama nyuzi 12, inatulia kwanza ndo inavutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi ya mtungi. Kwahiyo wanaosema Waingereza wanakunywa bia ya moto wanakosea, sio ya moto, haijagandishwa tu, na ukiinywa hivyo unasikia kimea chenyewe cha shayiri na ule uchungu wa hopsi. Hopsi ndo msesewa wao, mi nimeielewa hivyo, sisi tunaweka gome la mti na wao wanaweka ua la mtambaa, kazi ni ileile.

Baa ya kwanza sitaitaja. Tulikaa dirishani, mwenzetu mmoja dada wa Murang'a akapiga funda moja akanisogezea glasi, "Kaka hebu onja, hii imeharibika ama ni ulimi wangu?" Nikaonja, siki kabisa. Mzee wetu akainyanyua kwenye mwanga, akainusa, akairudisha kaunta kwa upole wakambadilishia bila maneno, ndo tukiwa njiani akatueleza kisa. Pipa dogo lina kama lita 41, ukishalifungua hewa inaingia, una siku tatu hivi, baada ya hapo inakufa. Baa ya kijijini yenye wateja wachache ikifungua mapipa manne kwa pamoja lazima itauza siki, bora ifungue mawili yaishe. Hiyo ilinigusa maana kwetu mama muuza mbege anajua kabisa leo nipike pipa ngapi kutokana na kama kuna soko, msiba au harusi, akikosea hesabu inachachuka anamwaga.

Na hii vita yao haikua ya utani. Miaka ya sitini na sabini viwanda vikubwa vilianza kuichuja bia, kuiua hamira kwa joto na kuijaza gesi ili ikae muda mrefu na isafiri mbali, faida kwao, ladha kwaheri. Mwaka 1971 wanaume wanne wakiwa matembezi Ireland wakaanzisha CAMRA kuipinga hali hiyo, wanne tu, na leo kuna baa vijijini bado zina pampu ya mkono kwasababu yao. Nlipokua natembea nlikua nawaza nani kwetu atafanya hivyo kwa mbege.

Aldworth tulipita kwanza kanisani, kuna sanamu tisa za mawe za ukoo wa de la Beche, za karne ya 14, wakubwa wa miili wamelala pale mpaka wanaitwa majitu. Alafu The Bell. Aisee. Hii baa iko chini ya familia moja zaidi ya miaka 200, na mwaka 2019 CAMRA waliipa tuzo ya baa bora ya taifa. Hakuna kaunta ya kuegemea, kuna kidirisha tu cha vioo unaagizia hapo, hakuna muziki, mabenchi ya mbao na mkate wa moto wenye nyama ndani. Nlichukua nusu painti ya eli nyeusi, laini, haina povu jingi, inanukia kama ulezi uliokaangwa.

Mzee akaniuliza mbege yetu inasafishwaje, nikamwambia haisafishwi, ni nzito, unaikoroga unakunywa na kata, na mkubwa ndo anaonja wa kwanza. Akanionyesha glasi yake ilivyo nyeupe kama maji ya chemchem, akasema kinachozamisha machicha pipani ni mabondo ya samaki, ile mifuko ya hewa ya tumboni. Mabondo! Yaleyale ambayo Mwanza wanayakausha juani wanauza kwa bei kali. Dada wa Murang'a akacheka mpaka machozi akaanza kumweleza muratina, pombe ya kwao Wakikuyu, inavyochachushwa, mzee katoa daftari anaandika yote, anatuuliza herufi mojamoja, msesewa na s ngapi.

Saa moja jioni tukaanza kushuka Streatley bado kuna mwanga, daftari lake limejaa majina ya Kichaga na Kikikuyu kurasa mbili nzima.