Kusikiliza Mawimbi ya Magari ya Wagonjwa
Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasha redio yangu ya kupekua masafa kila jioni ili niwasikilize waratibu wa magari ya wagonjwa, ambao kwa sauti tulivu hutaja mahali, aina ya dharura na gari linalopaswa kwenda. Zamani chaneli moja ya VHF, yaani masafa ya juu sana ya redio, kati ya megahezi 136 na 174, ilitosha. Siku hizi mifumo mingi ni ya kidijitali, ambamo kwa kawaida chaneli ya udhibiti, inayobeba maagizo badala ya sauti, hugawa masafa kwa kila mazungumzo, na katika mingine, kama TETRA, mfumo wa redio wa kidijitali wa vyombo vya usalama na dharura, mara nyingi mazungumzo husimbwa hata nisiambulie neno. Silalamiki, kwa kuwa anayezungumziwa ni mgonjwa. Ninachokisikia sikirekodi wala sikisimulii, na katu siendi kwenye tukio.