Spika za mlangoni nimefunga mwenyewe

Jumamosi nzima nimeshinda kwenye gari, na leo nasikia muziki kama nilivyoutaka. Spika za inchi 6.5, ohm 4, nilinunua Kariakoo pamoja na twita zake, yaani vile vispika vidogo vya sauti kali za juu. Kufungua kava la mlango na kukaza skrubu hakukunisumbua. Kilichonitesa ni besi: spika zote zinalia, besi haipo kabisa!

Nikazima upande wa kushoto, besi ikarudi. Hapo nikajua upande mmoja nimegeuza chanya na hasi, spika moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta. Nikachomoa nyaya kwenye redio, nikazigusisha kidogo tu kwenye betri ya tochi ya volti 1.5. Koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika, ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ikiingia ndani, geuza.

Twita nimeziweka juu, kwenye nguzo za kioo cha mbele, maana zikikaa chini mwimbaji anasikika kama yuko magotini. Matundu makubwa ya ndani ya mlango nimeyaziba, besi ikakaza zaidi. Ila yale madogo ya chini ya kutolea maji msiyaguse jamani, mlango utaoza kwa kutu.