Mistari ya mlangoni ndiyo iliyomsemea binti yangu

Nilikuwa baba wa kujisifu. Binti yangu wa miaka minne alipoanza kujaa mashavu, nilimpitisha kwa watu kama mkulima anayeonyesha mavuno. "Huyo analishwa!" Baadaye walewale wakageuka: mnyime sukari, mkimbize. Nikamkimbiza. Miezi mitatu, kila jioni, tunazunguka nyumba, mimi nahema, yeye anaketi chini akilia kwamba miguu haina nguvu, nami namwita mvivu. Neno hilo linaniuma hadi leo. Uso na tumbo vilizidi kujaa, mikono na miguu ikabaki myembamba.

Kilichonizindua ni fremu ya mlango. Kila siku yake ya kuzaliwa humsimamisha pale nikapiga mstari wa penseli. Mwaka ule mstari mpya ulikaribia kuulalia wa zamani. Mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida hurefuka vizuri tu. Wangu alipanuka akagoma kupanda. Kisha mama yake akaona chunusi, na nywele sehemu za siri. Miaka mitano!

Daktari wa kwanza alitupa karatasi ya lishe. Wa pili nilimpelekea vipimo vya mlangoni pamoja na picha za mwaka uliopita. Alizikodolea macho, kisha akampima presha. Ilikuwa juu.

Tukaambiwa tukusanye mkojo wa saa 24. Wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, halafu kila tone linaingia kwenye dumu hadi asubuhi ya pili. Jaribio la kwanza, saa kumi jioni, bibi yake kwa usafi wake akalimwaga dumu lote, akalisuuza na kulianika juani. La pili nikaandika kwa herufi kubwa USIGUSE, nikatandika mkeka mlangoni mwa choo nikalala hapo. Sijawahi kubeba kitu kwa maringo kama nilivyolibeba dumu lile.

Homoni ya kotisoli, ambayo ikizidi hujaza uso na tumbo, hudhoofisha misuli na kuzuia mtoto kurefuka, ilikuwa juu mno. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Saratani. Bahati yetu haikuwa imesambaa, ikatolewa nzima. Gharama niliacha kuzihesabu. Akaandikiwa haidrokotisoni, vidonge vya kuziba pengo la kotisoli, kwa kuwa tezi iliyobaki ilikuwa imelala, na vidonge hivyo haviachwi ghafla.

Watoto wengi wanene hawana saratani, sitaki kumtia mtu kiwewe. Ila anayekupimia mwanao kilo bila kumpima urefu, mwambie arudie.

Mwaka huu mstari umeruka vidole vinne. Amenilazimisha niuchore kwa wino.